Gamba Lisilokubali Kunyooshwa



Theluthi mbili hivi za kitu nilichokuja kukizungumzia jioni hii hazionekani hata fuvu likifunguliwa. Daktari wa upasuaji akishaondoa mfupa na tando zilizo chini yake, anakutana na matuta yaliyopindana na mifereji inayoyatenganisha. Gamba lenyewe la ubongo, ambalo madaktari huliita koteksi, kwa sehemu kubwa limejichimbia ndani ya mifereji hiyo. Unene wake ni wastani wa milimita 2.5. Likikunjuliwa lote, la upande wa kulia na la kushoto, linafikia kama sentimita za mraba 2,000, na ndani ya ukoko huo mwembamba zimo seli za neva zipatazo bilioni 16. Karibu kila mahali seli hizo zimejipanga katika matabaka sita.

Swali langu ni fupi: kitu cha namna hiyo kinachorwaje ramani? Limewashughulisha watu kwa zaidi ya karne moja, na mimi naona jibu lake ni hili: hakuna ramani ya ubongo isiyopotosha kitu. Mchoraji anachagua tu apotoshe nini ili anusuru nini. Hisabati inamlazimisha aseme waziwazi amechagua nini, kisha inalipima kosa lake.

Chukua khanga. Tia nukta moja ya wino kwenye pindo na nyingine katikati ya mji, halafu ifinye ndani ya ngumi. Huenda nukta hizo mbili zikagusana. Anayeipima ngumi kwa rula atasema ziko mahali pamoja. Anayeijua khanga atasema kati yake pana dhiraa nzima. Ndivyo ulivyo mfereji wa kati wa ubongo, ule unaoshuka kutoka utosini kuelekea usawa wa sikio. Ukuta wake wa mbele unaamrisha misuli, na ukuta wake wa nyuma unapokea habari za mguso. Kuta hizo zinatazamana, zimetenganishwa na tando na majimaji kwa milimita chache tu. Lakini anayetambaa juu ya gamba lenyewe kutoka ukuta mmoja hadi wa pili hana budi kushuka hadi chini, kina kinachoweza kufika sentimita 2, kisha apande tena. Kwa miaka mingi ilikuwa desturi kuzilainisha picha za MRI kwa kuchanganya kila nukta na jirani zake wa milimita 8 pande zote. Kwa mtindo huo, amri inayokwenda mkononi na hisia inayotoka mkononi zilikuwa zikichanganyika zikawa kitu kimoja, na makala zikaandikwa hivyohivyo.

Umbali wenye maana, basi, ni ule wa kutambaa juu ya gamba. Mengine yote nitakayosema yanatokana na hilo.

Korbinian Brodmann hakuwa na mashine ya MRI. Alikata ubongo vipande vyembamba, akavitia rangi, akavitazama kwa hadubini ili kuona wapi matabaka yanabadilika sura, na kila alipoona mabadiliko akaweka mpaka na namba. Kitabu chake kilitoka Ujerumani mwaka 1909, na namba zake, zinazofika 52, zinatumika hadi leo: ukimsikia daktari akitaja eneo la 4 au eneo la 17, anamtaja Brodmann. Shida ni kwamba ramani yake iliyochapishwa ni picha ya ubongo unavyoonekana kwa nje. Eneo la 4, linaloendesha misuli, sehemu yake kubwa imo kwenye ukuta wa mfereji wa kati. Eneo la 17, la kuonea, sehemu yake kubwa imo ndani ya mfereji wa kalkarini, huko kisogoni upande wa ndani. Kwenye mchoro yote mawili yanaonekana kama vipande vya pembeni visivyo na uzito. Brodmann alilijua hilo vizuri kuliko sisi. Karatasi ndiyo iliyomshinda.

Mwaka 1988 Jean Talairach na Pierre Tournoux walitoa atlasi iliyompa kila mtafiti anwani ya namba tatu: kulia na kushoto, mbele na nyuma, juu na chini. Ilitokana na ubongo mmoja, wa mwanamke wa Kifaransa wa miaka 60. Sitaki kuikejeli, kwa sababu kabla yake maabara mbili zilikuwa hazina hata njia ya kubishana. Ila anwani ya namba tatu haijui gamba. Wape watu wawili anwani ileile, mmoja utamkuta juu ya tuta na mwenzake chini ya mfereji.

Mageuzi yalikuja mwaka 1999, pale Anders Dale, Bruce Fischl na Martin Sereno walipochapisha makala mbili zilizoandamana. Njia yao ilikuja kuwa programu iitwayo FreeSurfer, ambayo yeyote mwenye kompyuta na subira anaweza kuitumia. Kwanza programu inatafuta mpaka kati ya maada ya kijivu, yaani gamba, na maada nyeupe, yaani nyuzi zilizo chini yake. Mpaka huo unavikwa wavu wa pembetatu ndogondogo. Halafu inabidi kuhakikisha kwamba wavu wenyewe hausemi uongo, na hapo ndipo anapoingia Leonhard Euler.

Mwaka 1750 Euler, akiwa Berlin, alimwandikia mwanahisabati mwenzake Goldbach kuhusu maumbo yaliyofungwa yasiyo na tundu: hesabu ncha zake, toa kingo zake, jumlisha nyuso zake, utapata 2. Tujaribu. Wavu wa rejea wa FreeSurfer kwa upande mmoja wa ubongo unaanzia kwenye umbo la pembetatu 20. Kila pembetatu inagawanywa ikawa nne, na kazi hiyo inarudiwa mara saba, hadi pembetatu zinafika 327,680. Kila pembetatu ina kingo tatu, na kila ukingo ni wa pembetatu mbili, kwa hiyo kingo ni 491,520. Ncha ni 163,842. Toa, jumlisha: 163,842 − 491,520 + 327,680 = 2.

Sasa mleteni mtu halisi aliyelala ndani ya mashine. Pale kuta mbili za mfereji zinapobanana, kompyuta inadhani zimeshikana na inajenga daraja lisilokuwepo. Kila daraja la uongo linapunguza hesabu ya Euler kwa 2. Likiwa moja, jibu ni 0. Yakiwa kumi, jibu ni −18. Yaani mtu asiyewahi kuuona ubongo maishani mwake, akipewa namba tatu tu, atakwambia wavu una makosa mangapi. Wengi wanaoitumia programu hii hawajui kwamba ndani yake kuna barua ya mwaka 1750, na mimi naona ni hasara yao. Madaraja yanabomolewa mpaka hesabu irudi 2. Pale pande mbili za ubongo zinapounganika hakuna gamba, kwa hiyo panazibwa kwa kiraka ambacho hakiingizwi kwenye matokeo. Baada ya hapo tuna uso ambao kimsingi ni tufe, ingawa limekunjamana sana.

Kwa nini tusilitandaze mezani, yakaisha?

Carl Friedrich Gauss alilijibu swali hili mwaka 1827, akiwa Göttingen. Katika nukta yoyote ya uso, pima mpindo ulio mkali kuliko yote na ulio mpole kuliko yote, uzidishe. Zao hilo halibadiliki hata uukunje uso namna gani, mradi huuvuti wala huuchani. Khanga ndani ya ngumi inaonekana imepinda kila mahali, lakini mkunjo wake una upande mmoja ulionyooka, kwa hiyo zao lake ni sifuri, sawasawa na meza. Ndiyo maana inarudi kutandazika. Tuta la ubongo linapinda kwa urefu na kwa upana. Zao lake si sifuri, na meza haitalipokea mpaka livutwe au lichanwe. Wachora ramani za dunia waliteswa na jambo hilohilo kabla Gauss hajalithibitisha: ramani ya Mercator ya mwaka 1569 inaionyesha Greenland ikiwa inalingana na Afrika, wakati Afrika ni kubwa mara 14.

Nichepuke kidogo. Gauss alipofariki mwaka 1855 ubongo wake ulihifadhiwa Göttingen, na Rudolf Wagner, mwanaanatomia wa hapo, akauchunguza na kuchapisha michoro yake. Kwa zaidi ya karne moja watu walikuwa wakienda kuutazama ule uliomo kwenye chupa yenye jina lake. Mwaka 2013 Renate Schweizer, mtafiti wa mji huohuo, aliziweka picha za MRI za ubongo huo kando ya michoro ya Wagner, akaona hazilingani. Ubongo uliomo kwenye chupa ya Gauss ulikuwa na mfereji wa kati uliokatika vipande viwili, jambo adimu sana, na katika michoro ya Wagner alama hiyo ilikuwa kwenye ubongo wa daktari Conrad Heinrich Fuchs, aliyefariki mwaka huohuo. Chupa zilikuwa zimebadilishwa zamani. Mikunjo ndiyo iliyotoa siri, kwa sababu haifanani kwa watu wawili.

Kama upotoshaji haukwepeki, tuchague. Ipo shule inayonusuru pembe. Riemann alionyesha mwaka 1851 kwamba uso wa aina fulani unaweza kupelekwa kwenye duara huku kila pembe ikibaki ilivyo, na mwishoni mwa miaka ya 1990 Monica Hurdal na Ken Stephenson walitumia mbinu ya kupanga duara zinazogusana ili kuutandaza hata ubongo mdogo, ule wa kisogoni, ambao mikunjo yake ni myembamba na mingi kuliko ya ubongo mkubwa. Ni hisabati nzuri kwelikweli. Tatizo ni kwamba pembe zikinusurika, eneo linaweza kuvimba au kusinyaa vibaya, na jicho la msomaji linadhani kilichovimba ndicho chenye umuhimu. Shule nyingine inachana gamba kwa mikato michache kisha inatafuta mkao ambao umbali umeharibika kidogo iwezekanavyo. Hapo shida inahamia kwenye mikato: mmoja hupitishwa kwenye mfereji wa kalkarini, yaani katikati ya eneo la kuonea, na majirani wa jana wanajikuta wako ncha mbili za karatasi.

Mimi niko upande wa tufe. Gamba likivimbishwa hadi liwe tufe halihitaji kuchanwa, na tufe la mtu mmoja linaweza kuzungushwa na kuvutwa polepole mpaka mifereji yake ilale juu ya mifereji ya wastani. Wastani wa FreeSurfer ulitokana na watu 40. Njia hii hufaulu sana kwa maeneo ya msingi, kama la kuonea, ambayo hufuata mikunjo kwa uaminifu. Maeneo ya lugha na fikra hayana uaminifu huo. Kwa sababu hiyo Matthew Glasser na wenzake, katika ramani waliyoitoa mwaka 2016 kutokana na vijana 210, hawakuridhika na mikunjo. Waliongeza unene wa gamba, kiasi cha mafuta yanayofunika nyuzi za neva, utendaji na miunganiko. Wakapata maeneo 180 kila upande, na 97 kati yake yalikuwa mapya.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba gamba ni karatasi isiyo na unene. Lina unene, na ndani ya unene huo ndimo ninamoona utamu wa somo hili.

Ubongo wa mtoto aliye tumboni ni laini bila mikunjo hadi karibu nusu ya ujauzito. Mwaka 2016 kundi la Tuomas Tallinen na L. Mahadevan lilitengeneza mfano wa ubongo huo laini kwa jeli, likaupaka ngozi ya jeli nyingine inayovimba, na kuutumbukiza kwenye kimiminika. Ngozi ilipovimba kuliko kiini, ilikosa pa kwenda, ikajikunja, na mifereji mikubwa ikajitokeza kwa mielekeo inayokaribia ile ya ubongo halisi. Kumbe mkunjo kwa sehemu kubwa ni matokeo ya kusukumana. Na kinachosukumwa hadi kikunjwe kina upande unaotanuka na upande unaobanwa.

Siegfried Bok, wa Uholanzi, aliyaona matokeo yake kwa hadubini mwaka 1929. Juu ya tuta, matabaka ya ndani ni manene na ya nje ni membamba. Chini ya mfereji mambo yanageuka: ya ndani yanakuwa membamba na ya nje yananenepa. Lakini ukikata kipande kutoka juu hadi chini kwa kufuata safu za seli, kila tabaka linashika sehemu ileile ya ujazo. Unene unabadilika, ila ujazo umetulia.

Tuifanye hesabu yake. Chukua kipande juu ya tuta ambacho eneo lake la nje, chini ya tando, ni 2, na eneo lake la ndani, kwenye mpaka wa maada nyeupe, ni 1. Tunautaka uso unaougawa ujazo nusu kwa nusu. Tukikubali kwamba eneo linakua kwa mwendo sawa kutoka ndani kwenda nje, basi chukua kipeo cha pili cha 1 na cha 2, yaani 1 na 4. Wastani wake ni 2.5, kipeuo chake cha pili ni 1.58. Uso wa katikati uko asilimia 58 ya safari kutoka ndani. Kwa gamba la milimita 2.5, hiyo ni milimita 1.45. Geuza kipande kiwe chini ya mfereji, ndani 2 na nje 1, na uso uleule unashuka hadi asilimia 42, milimita 1.05. Aliyegawa kwa rula ameweka 1.25 kotekote, na amekosea mara mbili, kila mara upande wake.

Kisha anakuja mwanahisabati Laplace. Mwaka 2000 Stephen Jones na wenzake walipendekeza njia ya kupima unene wa gamba kwa mlinganyo wa Laplace: upe uso wa ndani thamani 0, uso wa nje thamani 1, kokotoa thamani za katikati, halafu fuata mistari inayopanda kutoka sifuri hadi moja. Mistari hiyo haikatani kamwe, kwa hiyo hakuna nukta mbili zinazogombea mwenzi mmoja, na unene unapatikana bila ubishi. Kwa kupima unene sijui njia inayonipendeza zaidi. Lakini walikuwapo walioichukua thamani ya nusu na kuiita uso wa katikati wa matabaka. Rudi kwenye kipande chetu cha juu ya tuta: kwa Laplace, thamani ya nusu inaangukia pale eneo linapofika kipeuo cha pili cha 2, yaani 1.41. Hiyo ni asilimia 41 ya safari, ilhali seli zenyewe zinasema 58. Rula ilikosea, Laplace, kwa umaridadi wake wote, amekosea zaidi, tena kwa kusogea kutoka katikati kuelekea upande ulio kinyume na seli. Mlinganyo haukuwa na hatia. Uliulizwa swali ambalo si lake.

Miriam Waehnert na wenzake wa Leipzig ndio waliomrudisha Bok mezani mwaka 2014, wakaandika kanuni yake kwa namna ambayo kompyuta inaweza kuifuata juu ya gamba zima. Kama mnajiuliza kwa nini tugombanie sehemu za milimita, fikirini mashine za MRI zenye sumaku ya tesla 7. Zinapiga picha za utendaji kwa vijisanduku vya milimita 0.8 hivi, kiasi kwamba unene mzima wa gamba unapata vijisanduku vitatu. Kosa la milimita 0.4 ni nusu ya kijisanduku. Habari zinazotoka machoni huingia zaidi kwenye tabaka la 4, na maagizo yanayorudi kutoka maeneo ya juu huelekea zaidi juu na chini ya tabaka hilo. Ukiweka uso mahali pasipo pake, utaandika kwamba jicho liliuambia ubongo jambo ambalo ubongo wenyewe ndio uliojiambia.

Kanuni ya Bok leo inaweza kupimwa kwa kitu halisi. Mwaka 2013 Katrin Amunts wa Jülich, Alan Evans wa Montreal na wenzao walitoa ubongo uitwao BigBrain: ubongo wa mwanamke wa miaka 65 uliokatwa vipande 7,404, kila kimoja mikromita 20, na kuunganishwa tena ndani ya kompyuta. Humo matabaka yanaonekana yenyewe, na mwaka 2020 mipaka ya yote sita ilichorwa kwenye gamba zima.

Nimalizie hospitalini. Dunia ina watu kama milioni 50 wenye kifafa. Baadhi yao dawa haziwasaidii kwa sababu kuna kipande kidogo cha gamba ambacho matabaka yake hayakujipanga vizuri tangu tumboni, kasoro iliyoelezwa na David Taylor na wenzake, London, mwaka 1971. Kipande hicho kikiondolewa, wengi hupona. Lakini kasoro ya aina hii hupenda kukaa chini kabisa ya mfereji, na mara nyingi ripoti ya MRI inarudi ikisema kila kitu ni kawaida. Kompyuta inaweza kusaidia kwa kulinganisha unene wa gamba na ukali wa mpaka wa maada nyeupe, nukta kwa nukta, na watu wasio na ugonjwa. Sharti ni moja: chini ya mfereji gamba ni jembamba kwa kawaida yake kuliko juu ya tuta, kwa hiyo chini lazima ilinganishwe na chini. Bila wavu, bila tufe, bila mikunjo kulazwa juu ya mikunjo, ulinganisho huo haufanyiki.

Daktari wa upasuaji, hata hivyo, hana haja na tufe. Anautaka ubongo wa mgonjwa wake ukiwa umekunjika vilevile. Anaupata, kwa sababu kila ncha ya wavu ina namba, na namba haibadiliki wavu ukivimbishwa, ukizungushwa au ukirudishwa ulivyokuwa. Ncha iliyotiliwa shaka kwenye tufe inaonyeshwa palepale chini ya mfereji wake. Kisha fuvu linafunguliwa, majimaji yanavuja, na gamba linazama, pengine kwa zaidi ya sentimita 1. Ramani iliyotengenezwa wiki iliyopita haikai tena sawa, na hesabu ya kuipinda upya inabidi ifanywe mgonjwa akiwa bado mezani.